Migebuka wa Juni: wageni wa kozi ya visiwa na ziwa lililofungwa

Sahani ilikuwa ya bati, yenye maua mekundu ukingoni, na ndani yake migebuka watatu waliokatwa katikati wamelala kwenye mawese. Pembeni ugali wa muhogo. Mama mwenyeji aliiweka mkekani, akawakaribisha wageni wake wawili, akarudi jikoni kuchukua maji ya kunawa. Mmoja wa wageni alishapiga picha. Mwenzake, kijana aliyesoma Kiswahili miaka miwili kwao Marekani na kukisugua majuma mawili Unguja, akauliza kwa adabu zote:

"Mama, samahani, samaki hawa wametoka wapi?"

"Wametoka ziwani, mwanangu. Kwani samaki hutoka wapi?"

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, Katonga, mjini Kigoma. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa, uvuvi marufuku, tangu tarehe 15 Mei. Lingefunguliwa tarehe 15 Agosti.

Nikisimulia kisa hiki barazani watu hucheka hapo. Mimi pia nilicheka, ila baadaye sana. Usiku ule nilikuwa nimekaa kitandani kwangu Mwanga, picha ya sahani ile imeshapita kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi na kunifikia, na chini yake profesa wao ameandika maneno matatu tu: "Mwalimu, tunaweza kuzungumza?"

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaopokea vikundi vya vyuo vya nje, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa pale nilipolitafuta kwanza.

Kozi ya visiwa kufika mwisho wa reli

Kozi ilihusu visiwa: historia yake, utamaduni wake na uendelevu. Wanafunzi kumi na wanne, profesa mmoja mama wa makamo, majuma manne. Nusu ya kwanza waliimaliza Unguja na Pemba. Visiwa na Kigoma wapi na wapi? Hata mimi nililiuliza swali hilo barua ya kwanza ilipokuja, na jibu la profesa lilinipendeza. Alisema ukikizunguka kisiwa kwa ngalawa utaona fukwe tu. Ukitaka kukijua, uliza mali yake ilitoka wapi.

Ya Zanzibar ilitoka huku. Mji Mkongwe walionyeshwa nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, pale Shangani, na Mkunazini wakasimama ndani ya kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Mashamba ya karafuu waliyoyaona yaliwahi kulimwa na mikono iliyotoka mbali, mingine Manyema, ng'ambo ya ziwa letu. Njia ilikuwa hiyo: Manyema, kuvuka maji, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, kisha jahazi. Wanafunzi waliifuata kinyumenyume. Wakapanda treni Dar es Salaam, wakashuka Tabora kwenda Kwihara kuliona tembe alilokaa Livingstone, wakapanda tena mpaka reli ilipoishia. Reli hiyo ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi leo ukisema "mwisho wa reli" hakuna anayekuuliza ni wapi.

Ujiji ilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Wale vijana walitoka visiwani macho yao yamezoea kofia, kanga, vibaraza na adhana, wakavikuta vyote zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Binti mmoja akasema anajiona kama yuko Ng'ambo, kule Unguja. Sikumsahihisha. Mzee aliyetupokea, mwenye asili ya Umanyema, aliwaambia kwamba wahenga wake waliifuata njia ile kwa kutoitaka, wakaishia hapa, na wajukuu wao ndio leo wenye mji. Alilisema huku akimenya embe. Miembe yenyewe, akaongeza, ni ya njia ya misafara. Hakuna aliyeandika kitu kwa dakika kadhaa, nami kwa wanafunzi wa chuo hiyo huwa naihesabu kuwa dalili nzuri. Mahali walipokutana Stanley na Livingstone, 1871, tulipitia nusu saa. Kila mgeni anaijua hadithi hiyo kabla hajapanda ndege.

Mpaka hapo, basi, kozi ilikuwa imeshika. Kesho yake ilikuwa siku ya uendelevu.

Chanja tupu

Ratiba ilisema: "Katonga, alfajiri. Kupokea mitumbwi, kuanika dagaa pamoja na akina mama." Tukafika alfajiri. Hapakuwa na mtumbwi wa kupokea. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, mingine imefunikwa maturubai, nyavu ziko ndani ya viroba. Kwenye chanja moja palipaswa kuwa na dagaa wanaometa kama sarafu. Zilikuwepo sare za shule, zimeanikwa. Chini ya chanja ya pili mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini. Harufu ya Katonga, ambayo mtu wa Kigoma hata haisikii tena, ilikuwa haipo, na ndipo nilipoisikia.

Nilijua ziwa limefungwa. Nani hakujua? Nilichofikiri ni kwamba tutatembea, tutaongea, ratiba itajirekebisha yenyewe. Nami ni mtu wa karatasi. Nilipaswa kujua kwamba karatasi hazijirekebishi.

Mvuvi mmoja mtu mzima alikubali kukaa nasi. Aliwaeleza jinsi mitumbwi miwili inavyofungwa pamoja, wavu ukashushwa katikati, taa zikawashwa juu, dagaa wakaifuata nuru na migebuka wakawafuata dagaa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Akaeleza na mbalamwezi: mwezi ukiwaka, taa hazina nguvu, kwa hiyo kila mwezi kuna usiku kadhaa ambao wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kama kufungwa kwa ziwa si kitu kama hicho, mapumziko marefu kidogo tu.

"Mwezi ukinifunga najua utatoka lini," akasema, "na hata mwenye nyavu kubwa umemfunga."

Sababu za kufunga hazikuwa siri wala hazikuwa za kubuni. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na zote zimo kwenye mkataba wa kulitunza uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003. Samaki akivuka katikati ya maji haulizwi pasipoti, kwa hiyo nchi moja ikipumzisha peke yake imemfugia jirani. Halafu kuna jambo ambalo wageni hulishangaa kila mara. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na ukilitazama kutoka kilimani unadhani chini kumejaa chakula. Lakini kuanzia mita mia moja au mia mbili hivi kwenda chini maji hayana oksijeni. Samaki wote wanaishi kwenye blanketi jembamba la juu. Mbolea ya ziwa imezama huko chini, na inapandishwa na upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini kuanzia Mei. Upepo ukikoroga, vijidudu vinastawi, dagaa wanakula. Watafiti walishaonyesha tangu mwaka 2003 kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto ukorogaji unapungua, na ziwa linazaa kidogo. Wavuvi wameongezeka, ziwa linazaa kidogo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Profesa akaunganisha na Pemba, na hapo alikuwa mwalimu kweli. Kule waliwaona watu wa kijiji wanaofunga kipande cha mwamba wa pweza kwa miezi michache, kisha siku ya kufungua wote hushuka pamoja. Wanafunzi wakalinganisha. Kule kinafungwa kipande, na mama wa kijijini huchukua ndoo yake akaenda mwamba mwingine. Huku limefungwa ziwa zima. Kule waliofunga ndio waliokuwa na njaa ya kufungua. Huku wengi walipata habari kwa tangazo. Na hata jina la mahali wanaposhukia samaki si moja: Unguja husema diko, sisi mwalo. Kijana yule wa swali la samaki aliandika maneno yote mawili kwenye daftari lake.

Jioni yake ndiyo aliletewa ile sahani.

Barua ndani ya nailoni

Msimamo wa profesa ulikuwa huu, na sikuona ubaya wake: chuo chake hakiwezi kulipia samaki wa magendo, hasa katika kozi hii. Alitaka wale vijana wawili wahamishiwe hotelini asubuhi hiyohiyo. Mimi, nakiri, nilikuwa upande wake. Nilikwenda Katonga saa moja asubuhi nikiwa na hotuba nzima kichwani, kuhusu sheria, kuhusu aibu, kuhusu sifa ya mji wetu.

Mama alinikaribisha chai. Nikaanza hotuba. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaingia chumbani, akatoka na karatasi iliyohifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaifungua, akaniwekea kidole.

"Chakula: ugali au wali, mboga za majani, samaki wabichi mara nne kwa juma, matunda."

Chini yake sahihi yangu. Na muhuri.

"Mwalimu, karatasi yako ndiyo iliyonituma."

Ilikuwa barua ya mwaka 2023. Nilibadilisha tarehe na idadi ya wageni, nikachapa, nikagawa nyumba saba. Nikajaribu kujitetea kwamba angeniuliza tu. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalo kabisa akilini: mwaka uliotangulia jirani yake aliondolewa kwenye orodha kwa sababu choo chake hakikuwa kama barua ilivyoandika. Mimi ndiye niliyemwondoa. Mama huyu aliona, akajifunza. "Wewe ni mtu wa maandishi," akasema. "Umeandika choo cha kuvuta, ukataka choo cha kuvuta. Umeandika samaki. Mimi nani niseme hukumaanisha?"

Kisha akanihesabia. Kazi yake ni dagaa: hununua wabichi mwaloni, huanika, huuza kwa wanaosafirisha Dar. Tangu katikati ya Mei hakuwa ameingiza shilingi kwa njia hiyo. Fedha ya wageni ilikuwa ndiyo fedha pekee ya Juni. Na katika fedha hiyo alitoa kununua migebuka watatu kwa mara tatu ya bei ya Aprili, gizani, kwa mtu ambaye sikumuuliza jina. Yeye hakuwagusa. Aliwapikia wageni kwa sababu barua ilitaka, na kwa sababu mgeni wa Kigoma asipokula samaki, tumemkaribisha nini?

Nikauliza wako wapi waliobaki, nikifikiria, sijui, ushahidi.

"Watoto wamekula. Walishakufa, Mwalimu, au mlitaka niwarudishe?"

Kosa la nani

Niligawa lawama njia nzima ya kurudi mjini, kwenye bodaboda, na sehemu kubwa ilinirudia mwenyewe. Ila si yote.

Ndani ya kabrasha la kozi, lile waliloandaa kwao, kulikuwa na makala ya kusoma kuhusu kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, imewekwa kama mfano mzuri wa nchi jirani kukubaliana. Kurasa chache mbele, katika kabrasha hilohilo, ratiba inasema wanafunzi wataanika dagaa tarehe 13 Juni. Waliziandika meza moja, zikafungwa pini moja, na hakuna aliyeona kwamba ukurasa mmoja unaukana mwingine. Profesa alipoonyeshwa aliguna, akafunika uso kwa kabrasha. Nikampenda zaidi hapo kuliko siku zote. Ziwa kwao lilikuwa somo. Hawakuwa wameliona kama jiko la mtu.

Mama naye simwondoi. Alijua ni marufuku, ndiyo maana alinunua gizani. Na aliyeumia kwa sahani ile hakuwa profesa wala mimi. Nyumba ya pili kutoka kwake anakaa mzee mmoja wa kamati ya mwalo, ambaye boti zake mbili zilikuwa juu ya mchanga na vibarua wake wanamjia kila jioni kukopa. Harufu ya mgebuka wa mawese haina siri. Mzee alinisimamisha njiani kabla hata sijamsalimu vizuri.

"Sisi tumefunga, wageni wanakula. Hayo ndiyo masomo?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina lililo bora kuliko kunyamaza. Mengi yaliyosemwa juma lile yalikuwa ya heshima ya chuo na heshima ya ratiba. Hilo moja lilikuwa la haki. Agizo kama hili linasimama kwa sababu jirani anamwona jirani yake naye ametii. Fedha ya nje ikiingia na kuinua bei ya samaki wa gizani, hata kwa migebuka watatu, imempa mtu sababu ya kutia taa ndani ya mtumbwi. Tulikuja kufundisha uendelevu tukawa soko.

Kuna mwenzangu chuoni anayeshikilia kwamba nilipaswa kwenda kutoa taarifa. Huenda. Nilipima: aliyeuza simjui, aliyenunua alinunua kwa barua yangu. Kama ni kupiga mstari, ningeanza na jina langu. Sikwenda, na siwezi kusema nililala vizuri.

Ijumaa baada ya swala

Wanafunzi hawakuhamishwa. Profesa alikuja mwenyewe Katonga mchana, amejifunga kanga aliyoinunua Darajani, akakaa mkekani kwa mama. Mzee wa kamati aliitwa, akaja, akakaa kwenye kigoda mbali kidogo. Niliomba radhi mbele yao, kwa barua. Profesa naye akaomba, kwa ratiba. Mama hakuomba, alisema, "Yameisha, leteni mikono," akaleta maharage.

Ratiba ya siku zilizobaki ilitupwa. Badala ya kuanika dagaa wasiokuwepo, wanafunzi walikaa na akina mama watano, na kalamu, wakauliza chanja moja ilikula nini Aprili na inakula nini Juni. Hapo ndipo yalipotoka mambo ambayo makala ya kozi haikuwa nayo. Wengine walikuwa wameshapokea fedha ya wanunuzi wa Dar kabla ya msimu, kwa mzigo ambao sasa hawana. Wengine wana marejesho ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kila juma. Ziwa lilifungwa, madeni hayakufungwa. Binti yule aliyejiona yuko Ng'ambo aliuliza kama kuna ufugaji wa samaki kwenye vizimba. Mama mmoja akamjibu kwamba vizimba ameviona, vya wenye fedha ya chakula cha samaki. "Mimi natafuta cha watoto," akasema.

Jumatatu ilikuwa Eid el-Hajj. Nyumba zote saba zilikuwa na nyama, na hakuna aliyeuliza mbuzi ametoka wapi. Mmoja wa wale waliolala chini ya chanja hakuwepo tena.

Gombe tulikwenda, wakaona sokwe, wakafurahi. Sina la kuongeza.

Fomu

Kisa kingeishia hapo lakini mwezi Oktoba chuo chao kilituma fomu. Kila nyumba inayotaka kupokea wageni isaini kwamba haitampikia mgeni samaki kipindi cha kufungwa ziwa, na ikikiuka iondolewe. Kurasa mbili, kwa Kiswahili kizuri. Bila shaka kijana wa madaftari alisaidia. Nyumba sita zilisaini. Nilipoifikisha kwa mama wa Katonga, ziwa lilikuwa wazi, chanja zake zimejaa, mikono yake ina magamba hadi kwenye viwiko. Akaniomba nimsomee. Nikasoma yote.

"Na wao wanasaini nini?"

Nikasema ni fomu ya wenyeji tu.

"Basi ngoja wao waandike yao, nami nitasaini yangu."

Sikumlazimisha. Nilimwandikia profesa neno kwa neno, na kwa sifa yake hakukasirika. Aliuliza mama angetaka waandike nini. Nikarudi. Safari hii barua tuliiandikia kwake, mimi na kalamu, yeye akigeuza dagaa. Samaki tukaondoa. Tukaweka maharage, kisamvu, mayai, na dagaa wakavu walioanikwa kabla ya kufunga, kama wapo. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi.

"Mkaa," akasema.

Sikuelewa.

"Mgebuka anaiva ugali haujasongwa. Maharage yanakula mkaa tangu adhuhuri. Mwaka huu mliponibadilishia chakula hamkunibadilishia moto. Andika mkaa."

Nikaikunjua. Kiwango cha nyumba zote saba sasa kina mstari wa mkaa, na profesa ameukubali. Jina la mama limo kwenye orodha, la kwanza. Na la jirani yake mwenye choo, nimelirudisha.